Mtu, Mwenza au Kaya? Historia ya Fao la Kukosa Ajira na Kipato cha Mwenza Nchini Uingereza, na Funzo Lake kwa Istilahi za Sera za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali linaloonekana dogo katika sheria za hifadhi ya jamii: je, mtu aliyepoteza kazi anyimwe msaada wa dola kwa sababu mwenza anayeishi naye ana kazi? Kwa kufuatilia historia ya Uingereza kuanzia Sheria ya Bima ya Taifa ya 1911 hadi mfumo wa Universal Credit ulioanza 2013, makala yanaonesha kwamba jibu halikutegemea zaidi kiasi cha fedha kilichokuwapo hazinani, bali jina la kizio kilichohesabiwa: mtu, mume na mke, au kaya. Kila kizio kilipopanuliwa, gharama ya ukosefu wa ajira ilihama kutoka kwa dola na kuingia ndani ya nyumba, na walioibeba kwanza walikuwa wanawake na vijana. Makala yanahitimisha kwamba nchi za Afrika Mashariki, ambazo sasa zinaandika sheria na miongozo yake kwa Kiswahili, zinapaswa kufasili maneno kaya, mwenza na mtegemezi kabla mazoea ya kiutawala hayajayafasili kwa niaba yake.

Maneno ya msingi: fao la kukosa ajira, kaya, mwenza, mtegemezi, kipimo cha kipato

1.0 Utangulizi

Mifumo ya kumsaidia mtu aliyepoteza kazi imejengwa juu ya misingi miwili mikuu. Msingi wa kwanza ni mchango. Mfanyakazi huchangia akiwa kazini, na akipoteza kazi hulipwa kwa sababu alichangia. Msingi wa pili ni hitaji. Dola humlipa mtu kwa sababu hana njia ya kuishi, awe alichangia au la. Katika msingi wa kwanza swali la afisa ni moja: ulichangia? Katika msingi wa pili maswali ni mengi: una akiba kiasi gani, unaishi na nani, huyo unayeishi naye anapata nini?

Hapo ndipo mwenza mwenye kazi anapoingia katika jalada la mtu asiye na kazi. Katika msingi wa mchango, mshahara wa mwenza hauhusiki. Katika msingi wa hitaji, mshahara huo unaweza kulifuta dai zima. Mtu mmoja, katika nyumba ileile na juma lilelile, anaweza kuwa na haki chini ya msingi mmoja na kukosa chochote chini ya mwingine.

Historia ya Uingereza imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa nchi zilizotangulia kuanzisha bima ya lazima ya ukosefu wa ajira, na katika karne moja imejaribu karibu kila jibu la swali hili. Pili, mawazo mengi ya sheria za kazi na hifadhi ya jamii katika Kenya, Uganda na Tanzania yalipitia Kiingereza cha sheria za Uingereza, na sasa yanatafutiwa maneno ya Kiswahili. Anayelitafsiri neno hulichukua pamoja na historia yake, ajue au asijue. Makala haya yanaitazama historia hiyo kwa jicho la mtafiti wa lugha: yanafuatilia maneno, kisha yanauliza maneno hayo yalifanya nini.

2.0 Kutoka bima ya mtu hadi kipimo cha nyumba, 1911–1934

Chanzo cha wazo la nyumba kuwajibika ni cha kale. Sheria ya Maskini ya 1601, ya zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliwabebesha wazazi, mababu, mabibi na watoto wajibu wa kumtunza jamaa yao maskini kabla parokia haijatoa chochote. Maskini, kwa mtazamo huo, hakuwa mtu peke yake. Alikuwa sehemu ya ukoo uliopaswa kuulizwa kwanza.

Sheria ya Bima ya Taifa ya 1911 ilivunja desturi hiyo. Sehemu yake ya pili iliwagusa wafanyakazi wapatao milioni 2.25 katika sekta zilizoyumba mara kwa mara, zikiwamo ujenzi, uundaji wa meli na uhandisi. Mfanyakazi alichangia peni mbili na nusu kwa juma, mwajiri kiasi hichohicho, na dola ikaongeza sehemu yake. Aliyepoteza kazi alilipwa shilingi 7 kwa juma, kwa majuma yasiyozidi 15 katika mwaka. Kiwango kilikuwa kidogo, lakini kanuni yake ilikuwa mpya: mlipwaji alikuwa mtu mwenye kitabu cha michango. Hakuna aliyemwuliza anaishi na nani.

Mwaka 1920 bima ilipanuliwa kufikia wafanyakazi zaidi ya milioni 11, na mara baada ya hapo uchumi ukaporomoka. Mabadiliko mawili yaliyofuata yaliirudisha nyumba ndani ya sheria. La kwanza lilikuja kwa sura ya ukarimu. Mwaka 1921 mwanamume asiye na kazi aliongezewa shilingi 5 kwa ajili ya mkewe na shilingi 1 kwa kila mtoto. Nyongeza hiyo ilihitajika sana, lakini pamoja nayo mke aliingia katika sheria ya ukosefu wa ajira kwa jina la mtegemezi. La pili lilikuja kwa sura ya kubana matumizi. Waliokwisha kumaliza haki iliyotokana na michango yao walikuwa wakipewa malipo ya ziada kwa hiari ya waziri. Kuanzia Februari 1922 malipo hayo yaliweza kukataliwa kwa kijana aliyeishi na jamaa zake, na kwa mume au mke ambaye mwenziwe alikuwa kazini. Serikali ya chama cha Labour ilikiondoa kipimo hicho mwaka 1924, serikali iliyofuata ikakirejesha 1925, na kikatumika hadi 1928. Basi tayari katika miaka ya 1920 swali la mwenza mwenye kazi lilikuwa limeulizwa, likafutwa na kuulizwa tena.

Mwaka 1931 ndio uliolifanya swali hilo kuwa jeraha la taifa. Serikali ya Labour ilivunjika mwezi Agosti kwa sababu mawaziri walishindwa kukubaliana juu ya kupunguza fao la wasio na kazi. Serikali ya Kitaifa iliyofuata ililipunguza fao la mwanamume kutoka shilingi 17 hadi shilingi 15 na peni 3. Ikaamuru pia kwamba aliyelipwa bima kwa majuma 26 apimwe kipato kabla ya kuendelea kulipwa. Kazi hiyo ilipewa kamati za msaada wa umma za serikali za mitaa, zile zile zilizorithi shughuli za Sheria ya Maskini. Kilichopimwa hakikuwa kipato cha mdai, bali cha wote waliolala chini ya paa moja: mshahara wa binti kiwandani, ujira wa mwana mgodini, pensheni ya bibi, akiba ya benki, hata samani za ndani.

Mwaka huohuo, kabla ya kuanguka, serikali ya Labour ilikuwa imepitisha sheria dhidi ya kile ilichokiita kasoro za bima. Waziri wa Kazi aliyeisimamia alikuwa Margaret Bondfield, mwanamke wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la Uingereza. Kwa kanuni zilizotokana na sheria hiyo, mwanamke aliyeolewa alipaswa kuthibitisha kwamba alichangia tena baada ya ndoa na kwamba bado angeweza kupata kazi katika eneo lake. Michango aliyolipa kabla ya ndoa ilikaribia kuhesabiwa kuwa ya mtu mwingine. Ifahamike kwamba hiki hakikuwa kipimo cha kipato. Kilikuwa dhana kwamba mwanamke mwenye mume ana wa kumtunza.

Matokeo yalionekana haraka. Mwana aliyepata kazi alihamia nyumba ya kupanga ili mshahara wake usimkatie baba yake malipo. George Orwell, katika The Road to Wigan Pier (1937), alieleza jinsi kipimo hicho kilivyowatoa wazee katika nyumba za watoto wao. Walter Greenwood alikuwa ameshaifanya hali hiyo kuwa riwaya katika Love on the Dole (1933). Mwaka 1932 kulikuwa na machafuko Birkenhead na maandamano ya njaa kuelekea London. Mwaka huohuo serikali kuu iliweka makamishna mahali pa kamati za Rotherham na wilaya ya Durham, kwa madai kwamba kamati hizo zilikuwa zikiwalipa watu kwa ukarimu uliopita kiasi. Sheria ya 1934 iliihamishia kazi hiyo Bodi ya Msaada kwa Wasio na Kazi, lakini viwango vipya vilivyoanza kutumika Januari 1935 vilizua maandamano makubwa, hasa Wales Kusini, na katika muda wa majuma machache serikali ikavisimamisha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ghadhabu hii haikuwa juu ya kiasi cha malipo pekee. Ilikuwa juu ya kugeuzwa kwa mahusiano ya ndani. Baba alimtegemea binti yake kwa amri ya afisa, na binti akalipa kodi isiyo na jina la kodi. Wahenga wetu walisema nyumba njema si mlango. Kipimo cha 1931 kiliuhesabu mlango mmoja kuwa mfuko mmoja.

3.0 Mtoto anaachiwa, mke anabaki: 1941–1948

Sheria ya Uamuzi wa Mahitaji ya 1941 kwa kawaida huelezwa kuwa ndiyo iliyokizika kipimo cha nyumba. Maelezo hayo ni sahihi kwa sehemu. Ni kweli kwamba mshahara wa mwana au binti haukuhesabiwa tena kuwa wa baba. Lakini kipato cha mume na cha mke kiliendelea kujumlishwa. Katika nyumba nzima iliyokuwa imefungwa pamoja mwaka 1931, waliobaki wamefungwa walikuwa wanandoa. Tangu hapo mabishano ya Waingereza juu ya nyumba na fao yamekuwa mabishano juu ya wenza.

Ripoti ya William Beveridge ya Desemba 1942 iliupa mpango huo nadharia. Beveridge aliwaona mume na mke kuwa timu moja, na akampa mke asiye na ajira nafasi yake katika bima kama mama wa nyumbani. Alikusudia kuiheshimu kazi ya nyumbani. Hata hivyo, katika utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Taifa ya 1946, mwanamke aliyeolewa na kuajiriwa aliruhusiwa kutochangia kikamilifu, na aliyechangia alipewa fao la kukosa ajira la kiwango cha chini kuliko la mwanamke asiye na mume. Nafasi ya kulipa mchango mdogo ilifungwa kwa wanaoingia wapya katika nusu ya pili ya miaka ya 1970. Wanawake wengi walioitumia waligundua baadaye kwamba hawakuwa na haki yao wenyewe. Haki yao ilipitia kwa mume.

Sambamba na bima, Sheria ya Msaada wa Taifa ya 1948 iliweka mfumo wa hitaji kwa wale ambao bima haikuwafikia. Humo mahitaji na mali za mume na mke vilihesabiwa pamoja, na mdai alikuwa mume. Basi kuanzia Julai 1948 Uingereza ilikuwa na milango miwili: mlango wa bima, ambako mtu aliingia kwa jina lake, na mlango wa msaada, ambako wawili waliingia kwa jina la mmoja.

4.0 Kuishi pamoja kama mume na mke

Iwapo wanandoa wanahesabiwa kuwa kitu kimoja, wasiofunga ndoa wahesabiweje? Sheria ya 1966 iliyoanzisha mafao ya nyongeza ilijibu kwamba mwanamume na mwanamke wanaoishi kama mume na mke wachukuliwe kama waliooana. Hoja yake ilikuwa ya haki: isiwe faida kutofunga ndoa, wala hasara kufunga. Hoja hiyo ina uzito na haifai kubezwa. Pia ni kweli kwamba wawili wanaotumia jiko moja na kodi moja ya pango huishi kwa gharama ndogo kuliko wawili walio mbali.

Ugumu ulikuwa katika ushahidi. Cheti cha ndoa huonekana. Kuishi kama mume na mke hakuna cheti. Maafisa walianza kuchunguza nani alilala wapi, viatu vya nani vilikuwa mlangoni, na majirani walisema nini. Katika miaka ya 1970 vyama vya wadai na watetezi wa haki za wanawake viliipinga kanuni hiyo, kwa kuwa aliyekatiwa malipo mara nyingi alikuwa mwanamke mwenye watoto, na aliyedhaniwa kumtunza alikuwa mwanamume ambaye pengine hakumpa kitu.

Katika shauri la Crake, mahakama ilikubali vielekezi sita vya kumwongoza mwamuzi: kuwa katika kaya moja, uthabiti wa uhusiano, msaada wa kifedha, uhusiano wa kimapenzi, watoto, na kutambuliwa na jamii. Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake. Vielekezi hivyo vimeendelea kutumika, na tangu Desemba 2005, Sheria ya Ubia wa Kiraia ilipoanza kufanya kazi, vinawahusu pia wenza wa jinsia moja.

Katika kipindi hicho ukuta mwingine ulianguka. Hadi 1983 mwanamke mwenye mume hakuweza kuwa mdai wa mafao ya nyongeza kwa niaba ya wawili, hata kama yeye ndiye aliyekuwa mlezi wa nyumba. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la 1978 juu ya usawa wa wanaume na wanawake katika hifadhi ya jamii liliilazimisha Uingereza kubadilika. Tangu Novemba 1983 mwanamke naye aliweza kudai. Aliyedai alibadilika, lakini kizio hakikubadilika: bado kilikuwa wawili.

Hapa kuna mgongano ambao haujatatuliwa hadi leo. Katika sheria ya familia ya England na Wales, wenza wasiooana hawana wajibu wa kisheria wa kutunzana. Wakiachana, hakuna anayeweza kumshitaki mwenziwe kwa matunzo yake mwenyewe kama mtalaka. Lakini katika sheria ya mafao, watu haohao huchukuliwa kuwa wanatunzana. Dola moja inamwambia mwanamke kupitia idara moja kwamba ana wa kumlisha, na kupitia mahakama kwamba hana wa kumdai.

5.0 Dai moja la wawili

Oktoba 1996 fao la kukosa ajira lilibadilishwa jina na kuwa posho ya mtafuta kazi. Sehemu iliyotokana na michango, ambayo kabla ya hapo ililipwa kwa mwaka mmoja, ilipunguzwa kuwa miezi sita. Baada ya miezi hiyo mdai aliingia katika sehemu ya kupimwa kipato, na humo akakuta kwamba mwenza akifanya kazi kwa saa 24 au zaidi kwa juma, dai lilikufa. Kufupisha muda wa bima kulikuwa, kwa vitendo, njia ya kuwapeleka watu wengi zaidi kwenye mlango wa pili. Mwaka 2001 wenza wasio na watoto walianza kutakiwa kudai kwa pamoja, na wote wawili kuthibitisha kwamba wanatafuta kazi.

Sheria ya Mageuzi ya Ustawi ya 2012 iliunganisha mafao sita ya kupimwa kipato katika Universal Credit, iliyoanza kwa majaribio Ashton-under-Lyne mwezi Aprili 2013. Wanaoishi kama wenza hudai kwa pamoja. Kikomo cha saa kiliondolewa, na mahali pake ukawekwa mteremko: kwa kila pauni ya mshahara baada ya makato, peni 55 hupunguzwa katika malipo. Mteremko huo ulianza na peni 65, ukawa 63 mwaka 2017 na 55 mwishoni mwa 2021. Wenza wenye akiba inayozidi pauni 16,000 hawalipwi.

Mfano utaonesha maana yake. Katika mwaka wa fedha 2024/25 kiwango cha msingi kwa wenza wenye umri wa miaka 25 au zaidi kilikuwa pauni 617.60 kwa mwezi. Kwa mtu mmoja kilikuwa pauni 393.45. Wenza wasio na watoto, wasio na ugonjwa wa kuwazuia kufanya kazi na wasiodai msaada wa pango, hukosa malipo yote mwenza mwenye kazi anapopokea takribani pauni 1,123 mkononi. Mfanyakazi wa saa 35 kwa juma, kwa kima cha chini cha mwaka huo cha pauni 11.44 kwa saa, huvuka kiwango hicho. Kwa maneno mengine, mshahara mmoja wa chini kabisa unahesabiwa kuwatosha wawili, na mwenza aliyepoteza kazi hapati chochote kwa jina lake.

Mlango wa kwanza haujafungwa kabisa. Aliyechangia vya kutosha katika miaka miwili ya kodi iliyotangulia dai anaweza kupata posho ya mtafuta kazi ya mtindo mpya kwa siku zisizozidi 182, iliyokuwa pauni 90.50 kwa juma katika mwaka huo kwa mwenye miaka 25 au zaidi. Mshahara wa mwenza na akiba yake havihusiki hapo. Ni masalia ya kanuni ya 1911, yaliyobanwa katika miezi sita.

Je, dhana ya mfuko mmoja ina ukweli? Utafiti wa mwanasosholojia Jan Pahl, uliochapishwa katika Money and Marriage (1989), ulionesha kwamba wenza hupanga fedha kwa namna nyingi: wapo wanaochanganya zote, wapo wanaotenga, wapo ambao mmoja humpa mwenziwe posho na kushika zilizobaki. Kipato cha kaya, kwa hiyo, hakitoshi kutueleza hali ya kila aliyemo. Sheria inayodhani mgawano haiuleti mgawano.

6.0 Maneno yetu: kaya, mwenza, mtegemezi

Tanzania imo katika hatua ambayo uchaguzi huu bado uko wazi. Mwaka 2018, kwa Sheria Na. 2 iliyounda Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma na kurekebisha sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kilichozoeleka kama fao la kujitoa kilitoa nafasi kwa fao la kukosa ajira. Mabadiliko ya jina ni mabadiliko ya wazo. Kujitoa ni tendo la mwanachama anayechukua akiba yake. Kukosa ajira ni hali inayompata, na mfuko unaifidia. Fao hilo ni la mchango na ni la mtu: halimwulizi mwanachama mshahara wa mkewe au mumewe.

Kwa upande wa hitaji, lugha ni nyingine. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF, ulioanza 2012, unabeba kizio chake katika jina lake. Nchini Rwanda, makundi ya ubudehe nayo yaliipanga jamii kwa kaya. Lakini ukanda huuhuu una mifano ya kizio cha mtu: pensheni jamii ya Zanzibar ya 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na mpango wa Kenya wa 2018 kwa wazee wa umri huohuo. Mzee wa Zanzibar haulizwi kama mwanawe ana kazi. Kwa hiyo misingi yote miwili tunayo tayari. Tusichonacho ni mpaka ulioandikwa kati yake.

Hatari ipo katika urahisi wa neno kaya kuhama. Katika matumizi ya sensa na takwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja; ni neno la kuhesabu. Katika pwani ya Kenya, kaya ni makazi matakatifu ya Wamijikenda, ambayo misitu yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Ni neno la asili na heshima. Katika miongozo ya ruzuku, kaya inakuwa mwenye haki. Neno likivuka kutoka kuhesabu kwenda kugawa haki bila kufasiliwa, hubeba dhana kwamba wanaokula pamoja wanamiliki pamoja. Hiyo ndiyo dhana iliyowaumiza Waingereza mwaka 1931.

Mwenza nalo ni neno jipya la kiutawala. Kiswahili cha kila siku kina mume, mke, mchumba, mpenzi na hawara, na kina kirai cha kuishi kinyumba kwa wanaokaa pamoja bila ndoa. Maneno haya hayalingani kimaadili: mchumba ana heshima, hawara hana, na kuishi kinyumba husemwa kwa lawama au kwa maelezo tu kutegemea msemaji. Mwenza linayafunika yote kwa usawa, na huo ni ubora wake kwa fomu ya serikali. Ni udhaifu wake pia, kwa kuwa halisemi wajibu gani unaandamana nalo.

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinatoa mwanga. Mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowapa sifa ya kuwa mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana, hadi ithibitishwe vingine. Hata dhana hiyo ikivunjwa, mahakama inaweza kuamuru matunzo ya mwanamke na watoto. Ushahidi unaotafutwa hapa unafanana na ule wa shauri la Crake: kukaa pamoja, muda, kutambuliwa na jamii. Lakini athari zake ni kinyume. Nchini Tanzania kutambuliwa kuwa mke humpa mwanamke haki. Katika sheria ya mafao ya Uingereza kutambuliwa kuwa mwenza humwondolea. Mfasiri atakayehamisha istilahi za mfumo mmoja kwenda mwingine bila kuliona hilo atatumia neno lilelile kwa mambo mawili yanayopingana.

Mtegemezi ni neno la tatu. Katika bima ya afya linamnufaisha anayeitwa hivyo, kwani anatibiwa kwa kadi ya mchangiaji. Katika historia iliyoelezwa hapo juu lilianza vivyo hivyo mwaka 1921, kama nyongeza ya shilingi 5. Miaka kumi baadaye lilikuwa limegeuka sababu ya kumnyima mwanamke aliyeolewa haki ya michango aliyolipa mwenyewe.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya Uingereza haitufundishi kwamba kupima hitaji ni kosa. Fedha za umma zina kikomo, na ipo mantiki ya kuanza na walio na dhiki zaidi. Inatufundisha kwamba kizio cha kuhesabu ni uamuzi wa kisiasa unaojificha katika nomino, na kwamba ukiachwa bila kufasiliwa hupanuka nyakati za dhiki ya hazina. Kutokana na hayo, makala yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, fao la kukosa ajira linalotokana na mchango litamkwe wazi katika sheria kuwa haki ya mchangiaji mwenyewe, bila kujali kipato cha mwenza. Leo ni hivyo kwa sababu hakuna aliyesema vingine. Ukimya si ulinzi. Pili, pale ambapo hitaji litapimwa, dola isidhani kwamba mtu anatunzwa na mwenziwe isipokuwa sheria ya familia inampa mtu huyo haki ya kudai matunzo hayo mahakamani. Tatu, hata pale ambapo hesabu ni ya wawili, malipo yaweze kugawanywa na kumfikia kila mmoja kwa jina lake. Nne, maneno kaya, mwenza na mtegemezi yafasiliwe ndani ya kila sheria inayoyatumia, kwa Kiswahili, na kwa kuzingatia kazi yanayofanya katika sheria hiyo.

Pendekezo la nne ni la wanaisimu hasa. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na mwaka 2022 Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Kazi ya kutafsiri sheria inaendelea wakati tunapokutana katika makongamano kama hili. Anayechagua leo kama ataandika mtu, mwenza au kaya anaamua nani, siku ya kupoteza kazi, atapokewa dirishani kwa jina lake, na nani ataambiwa arudi nyumbani akamwombe anayeishi naye.